Damu ya huku haimlindi aliyekaa mbali

KILA ifikapo Desemba, barabara ya kutoka Busia na Malaba hadi hapa Jinja hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wapo wanaotoka Nairobi, wapo waliotua Entebbe kutoka Dubai, Muscat na London, na wapo wafanyabiashara ambao kwao mpaka ni kama mlango wa jikoni, hutoka asubuhi na kurudi jioni. Ukiwauliza habari ya malaria, wengi hutoa jibu moja: "Mzee, mimi nimezaliwa hapa. Damu yangu imeshazoea."

Jibu hilo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowapeleka watu hospitali usiku wa manane. Nimefanya kazi ya maabara hapa Mafubira kwa miaka mingi, nikitazama damu za majirani kwa hadubini. Naomba nafasi katika ukurasa huu nieleze huko "kuzoea" ni kitu gani, ni nani ndani ya mwili anayezoea, na kwa nini mazoea hayo hayadumu kwa mtu anayekaa mbali.

Tuanze na homa yenyewe. Mbu jike wa anofelesi anapouma huacha vijidudu vichache ambavyo hukimbilia kwenye ini na kujificha huko kwa kama wiki moja. Mtu hahisi lolote. Vikitoka kwenye ini huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaana humo, na kila baada ya saa 48 hivi chembe hizo hupasuka na kumwaga vijidudu vipya pamoja na takataka zao. Hapo ndipo baridi na kutetemeka huanza.

Wengi hudhani kijidudu ndicho kinacholeta joto. La hasha. Joto tunaliwasha sisi wenyewe. Chembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, zikikutana na takataka za malaria hupiga mbiu ya mgambo kwa kutoa kemikali, mojawapo ikiitwa TNF. Kemikali hizo huuamuru ubongo upandishe joto la mwili, huita askari wengine, na hufanya kuta za mishipa midogo ya damu zinate. Madaktari wana neno la Kiswahili kwa hali hiyo, mchochota. Sisi wa mitaani tunasema tu kwamba mwili unawaka.

Moto wa kiasi una faida, maana huviunguza vijidudu. Moto ukizidi huunguza nyumba. Chembe zenye vijidudu hunata kwenye mishipa ya ubongo, mishipa yenyewe huvimba na kuvuja, na mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi huwa hamtambui mama yake jioni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Malawi, ambako watoto wenye malaria ya ubongo walipigwa picha kwa mashine, ulionyesha kwamba wengi wa waliofariki ubongo wao ulikuwa umevimba vibaya kwa kukosa nafasi ndani ya fuvu. Dawa ya kuua vijidudu walikuwa wameshapewa.

Kwa hiyo mwili una kazi mbili ambazo ni vigumu kuzifanya pamoja: kumpiga adui, na kujizuia usijipige mwenyewe. Hii ya pili ndiyo tunayoiita kuzoea, na maelezo yake mazuri kabisa duniani yametoka hapa hapa mashariki mwa Uganda, mwendo wa saa chache kutoka nyumbani kwangu. Inasikitisha kwamba yameandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu na hayajafika sokoni Busia.

Watafiti wa Makerere na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafuatilia watoto wa Tororo tangu utotoni. Mwaka 2014 walichapisha matokeo ya watoto 78 wenye umri wa miaka minne. Katika kundi hilo malaria ilihesabiwa zaidi ya mara 1,800, na hata mara moja haikuwa ile kali ya kuua. Msomaji, zisome tena tarakimu hizo. Watoto wa miaka minne tu! Bila shaka walikuwa wakipata matibabu ya haraka, na hilo tusilisahau, lakini watafiti walitaka kujua seli zao zilikuwa zinafanya nini.

Walichokikuta ni hiki. Katika damu kuna askari waitwao seli T. Kwa kawaida askari hao wakiona malaria hutoa interferoni gama, ambayo ni amri ya kushambulia. Kwa watoto walioumwa mara nyingi, seli zile zile zilizotoa amri ya kushambulia zilitoa pia interlukini-10, ambayo ni amri ya kupunguza moto. Yaani askari mmoja ameshika rungu mkono huu na ndoo ya maji mkono wa pili. Kwa watoto ambao hawakuumwa sana, ilikuwa rahisi zaidi kukuta seli zinazotoa TNF bila hiyo ndoo ya maji. Na waliokosa seli hizo za TNF ndio ambao mara nyingi walikutwa na vijidudu katika damu huku wakiwa hawana homa.

Mwaka huo huo watafiti hao walieleza habari ya aina nyingine ya seli T, ziitwazo gama-delta, ambazo ni za kwanza kurukia malaria na zina kelele nyingi. Kwa watoto wa Tororo walioumwa mara kwa mara seli hizo zilikuwa zimepungua, na zilizobaki zilikuwa zimepoa. Hapo tena, waliopungukiwa na seli hizo ndio waliobeba vijidudu bila kuugua. Kisha mwaka 2015 likaja jambo ambalo mimi binafsi lilinishangaza. Zipo seli maalumu za kutuliza vita mwilini, zenye alama iitwayo FoxP3, na mtu angetegemea ziwe tele kwa mtoto aliyepoa hivyo. Zilikutwa zimepungua. Kwa hiyo utulivu wa watoto hawa hauletwi na polisi wa pembeni. Ni wapiganaji wenyewe wamejifunza kushusha sauti.

Sasa nije kwenye jambo ambalo anayerudi nyumbani anapaswa kulisikia. Katika utafiti ule wa watoto 78, seli zenye rungu na ndoo zilikuwa nyingi kwa mtoto aliyeugua karibuni, na zilikuwa chache kadiri siku zilivyokuwa nyingi tangu malaria yake ya mwisho. Mazoea haya yanalishwa na ugonjwa wenyewe. Ukiacha kuumwa, mwili hauoni sababu ya kuendelea kuyatunza.

Ule uwezo wa kuua vijidudu, ambao kwa sehemu kubwa ni kazi ya kingamwili katika maji ya damu, nao hupungua mtu akikaa mbali, ingawa haupotei wote kwa mkupuo. Aliyekulia huku ana akiba fulani kuliko Mzungu aliyeshuka ndegeni kwa mara ya kwanza. Lakini akiba ya miaka kumi nyuma si kitu cha kuwekea rehani maisha yako. Huko Uingereza, wengi wa wanaolazwa kwa malaria ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwatembelea ndugu zao, na watalii ni wachache. Falme za Kiarabu zilitangazwa kuwa hazina malaria mwaka 2007. Binti aliyefanya kazi za nyumbani huko kwa miaka minane amekaa miaka minane bila somo hata moja.

Nitatoa mfano mmoja bila kutaja mtu. Miaka michache iliyopita jirani fulani alirudi kutoka Ghuba baada ya miaka tisa ya kulinda ghala. Siku ya kumi na mbili hivi alianza kuumwa kichwa. Mkewe akanipigia simu, "Baba, huyu ni uchovu wa safari tu, nimpe Panadol alale?" Nikamwambia amlete, na kwa kuwa mama mkwe wake alikuwa amefuatana naye, nikawatoa damu wote wawili. Damu ya yule bwana ilikuwa na vijidudu kila nilipotazama. Ya mama yake, bibi wa miaka sabini aliyekuwa ametoka kuchoma mahindi barabarani, ilikuwa na vijidudu pia, vichache, na alikuwa akinitania kwamba natafuta fedha zake. Nyumba moja, mbu wale wale. Kijana alilazwa siku tatu kwa sindano za artesuneti, macho yamekuwa ya njano. Bibi alimeza vidonge na kurudi kwenye mahindi yake.

Bibi yule hakuwa na damu safi kuliko mwanawe. Alikuwa na seli zilizohudhuria darasa kila mwaka.

Wafanyabiashara wa mpakani nao wasidhani kwamba hadithi hii ni ya wenye pasipoti nene. Kuanzia mwaka 2011 watafiti walihesabu mbu katika sehemu tatu za Uganda. Hapa Jinja, kata ya Walukuba, mtu alikadiriwa kuumwa na mbu mwenye malaria mara 2.8 kwa mwaka. Huko Nagongera, wilaya ya Tororo, mara 310. Ni umbali wa teksi moja na kubadilisha nyingine, nayo tofauti inapita mara mia. Mama wa Walukuba anayelala Tororo siku mbili ili kuwahi soko amejiweka katika hatari ambayo seli zake hazijaizoea, hata kama kitambulisho chake kinasema amezaliwa mashariki. Vivyo hivyo kwa anayeteremka na vitunguu kutoka milimani Kapchorwa, ambako baridi huwapunguza mbu, na kwa kijana wa Nairobi anayekuja kuchukua mchele. Ile barabara ya Tirinyi kati ya Mbale na Iganga inapita katikati ya mabwawa ya mpunga ya Mpologoma. Gari likiharibika pale jioni, hesabu imeanza.

Kwa takwimu za sehemu hizo tatu, wataalamu walionyesha mwaka 2018 kwamba mtoto anayekua hupata kinga za aina mbili. Moja hupunguza idadi ya vijidudu. Nyingine humwezesha kuvibeba vijidudu vingi zaidi bila kupata homa. Zote mbili huja kwa umri na kwa kuumwa na mbu, na palipo na mbu wachache huchelewa.

Hili linanipeleka kwenye watu ambao ni wageni bila kusafiri. Desemba 2014 ilianza kazi ya kunyunyizia dawa kuta za nyumba wilayani Tororo. Nani asiyekumbuka? Malaria iliporomoka. Pale Nagongera, kutoka karibu vipindi 3 kwa mtu mmoja kwa mwaka, ilifika takribani vipindi 4 kwa watu 100 baada ya miaka kama mitano. Ni ushindi ambao sitaki mtu aubeze. Lakini mwaka 2020 dawa ikabadilishwa, na katika miaka miwili iliyofuata malaria ikarudi kwa nguvu katika wilaya zilizokuwa zimenyunyiziwa. Iliwakuta watoto wa miaka mitano na sita ambao hawakuwahi kupata lile somo la rungu na ndoo. Wapo wanaosema basi ni heri tusinyunyize, tuwaache watoto waumwe wapate kinga. Huo ni upuuzi. Somo lile lina ada, na ada yake hulipwa kwa makaburi ya watoto kabla ya wengine kufaulu. Tunachopaswa kudai ni kwamba anayeanza kunyunyiza asiondoke katikati.

Narudi kwenye mchochota, kwa sababu kuna biashara inayofanywa juu yake. Anayerudi kutoka nje ana fedha, na mwenye fedha hapendi vidonge. Anataka sindano na dripu. Katika maduka mengi ya dawa kando ya barabara kuu utakuta mtu mwenye homa akidungwa deksamethasoni, wenyewe wanaiita "deksa", kwa kuwa inapoza mwili haraka na mteja anaondoka akisifu. Kwa akili ya kawaida inaonekana sawa: kama moto ndio unaoua, kwa nini tusiuzime? Jambo hilo lilijaribiwa zamani. Mwaka 1982 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo nchini Thailand, ambapo nusu walipewa deksamethasoni. Haikuokoa maisha. Waliopewa walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu na walipata madhara mengine, kama nimonia na kutoka damu tumboni. Mwaka 1996 huko Gambia walijaribu kuizuia TNF yenyewe kwa watoto 610. Vifo havikupungua, na walionusurika wakiwa na madhara ya ubongo walikuwa wengi zaidi upande wa waliopewa dawa hiyo.

Mwili hupunguza moto seli kwa seli, mahali pake na saa yake, huku ukiendelea kupigana. Sindano ya duka la dawa huzima taa za nyumba nzima.

Kuhusu dripu, Mbale ina ushahidi wake. Hospitali ya rufaa ya Mbale ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, uliofanywa Uganda, Kenya na Tanzania kwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kushindwa. Zaidi ya nusu walikuwa na malaria. Walioongezewa maji mengi kwa haraka walifariki kwa zaidi ya asilimia 10 katika saa 48 za kwanza. Wasioongezewa kwa kasi hiyo, asilimia 7.3. Matokeo hayo yaliwashtua madaktari wa dunia nzima, maana vitabu vya Ulaya vilikuwa vimefundisha kinyume chake. Mzazi anayegombana na mwuguzi kwamba mbona mwanangu hajawekewa dripu, akumbuke kwamba ugomvi huo umeshaamuliwa, tena Mbale.

Wala si malaria peke yake inayokwenda hivi. Kichocho cha ziwani na cha mto Nile nacho kina tabia hiyo hiyo. Mvuvi aliyezaliwa Masese hubeba minyoo kwa miaka bila homa, huku mayai yakilikausha ini lake polepole. Aliyerudi kutoka ng'ambo akaogelea siku moja na watoto wake anaweza kupata homa kali, kikohozi na vipele wiki kadhaa baadaye, wakati ameshasahau maji yale. Ni seli za mgeni zinazopiga kelele kwa kitu ambacho za mwenyeji zimeamua kukinyamazia. Dawa ya prazikwanteli ipo, na Uganda ilianza kuigawa kitaifa mwaka 2003.

Kunyamaza huko kwa mwenyeji kuna hasara, na hapa sitawapamba majirani zangu. Anayebeba vijidudu bila homa bado anapungukiwa damu taratibu, na mbu humtumia kama kisima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka Nagongera uliwalisha mbu damu za watu wa kila aina. Wagonjwa wenye homa walichangia chini ya asilimia 1 ya mbu walioambukizwa. Karibu wote waliobaki walitoka kwa watu wasiougua, na watu wanne tu, wengi wao wa umri wa kwenda shule, walichangia zaidi ya nusu. Wakati wa Ebola na korona tulizoea kuona vile vipimo vya joto vikielekezwa kwenye vipaji vya nyuso pale Busia na Malaba. Kwa malaria, kipimo hicho kingempitisha karibu kila anayehusika.

Lugha zetu hazitusaidii. Neno omusujja kwa Kiganda hubeba homa na malaria kwa pamoja, na kwa Kiswahili cha sokoni tunasema "nina homa" tukimaanisha malaria. Asiye na homa basi hujiona hana malaria. Kinyume chake kina hatari pia. Mtu mzima mwenyeji mwenye homa akikutwa na vijidudu vichache, haina maana kwamba ndivyo vilivyoleta homa hiyo. Yawezekana alikuwa navyo tangu mwezi uliopita, vimetulia, na kinachomwunguza leo ni nimonia au kitu kingine. Nimeona watu wakitibiwa malaria mara tatu mfululizo kwa sababu hiyo. Tena kile kipimo cha haraka cha tone la damu huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa. Kipimo ni ushahidi. Hukumu inahitaji mtu wa kuuliza maswali.

Sasa nidai ninachotaka kudai. Kampeni za serikali za kugawa vyandarua huhesabu kaya: chandarua kimoja kwa watu wawili, wanaandikishwa nyumbani. Mfanyabiashara anayelala loji usiku nne kwa wiki ameandikishwa nyumbani, na chandarua chake kiko nyumbani. Nimelala katika nyumba nyingi za wageni kati ya Busia, Malaba, Iganga na Mbale. Televisheni nimeikuta karibu kila chumba. Chandarua kizima kisicho na tundu la kupita kuku, mara chache. Jinja na Mbale zimekuwa majiji tangu Julai 2020, na mabaraza ya majiji hayo hutoza ada ya leseni kwa kila loji. Wakaguzi huangalia choo na huangalia risiti. Waangalie na kitanda. Chumba kisicho na chandarua chenye dawa kisipangishwe, na hili linaweza kuanza bila mfadhili wala semina ya hotelini.

Wenye kurudi nao wana la kufanya kabla ya kupanda ndege. Anayekuja kwa wiki tatu tu za sikukuu amwone daktari huko aliko, apewe dawa ya kinga, aimeze mpaka mwisho hata baada ya kuondoka Uganda, bila kuona haya kwamba anafanya kama Mzungu. Kwa habari ya malaria, yeye kwa sasa ni mgeni. Mjamzito asingoje kuambiwa mara mbili, maana vijidudu hupenda kujificha kwenye kondo la nyuma. Watoto waliozaliwa huko hawana akiba yoyote. Chanjo ya R21 ambayo Uganda ilianza kuitoa Aprili 2025 ni ya watoto wachanga, dozi ya kwanza katika mwezi wa sita wa umri, kwa hiyo mtoto wa miaka saba aliyekulia London isimhesabie.

Na homa ikitokea wakati wowote kati ya wiki ya kwanza na miezi michache baada ya kufika, au baada ya kurudi ulikotoka, usisubiri ipite. Kapime siku hiyo hiyo. Mhudumu atakuuliza unaumwa wapi na tangu lini. Hata asipokuuliza, mwambie umeishi wapi miaka hii, na umelala wapi wiki mbili zilizopita.